Bibi Zetu Nao Waandikwe



Sisi tunaoshona nguo za harusi husikia mengi wakati wa kupima. Ukoo wa upande wa mume unajulikana mpaka jina la tano: fulani bin fulani bin fulani. Ukiuliza bibi mzaa mama wa bi harusi alikuwa binti nani, kimya. "Alikuwa mama yake mama tu." Kwa maoni yetu nasaba ya namna hiyo ni nusu, na hiyo nusu iliyokosekana ndiyo inayomgusa sana anayeolewa.

Dini haikutufundisha hivyo. Bi Aisha alibaki binti Abu Bakar baada ya kuolewa na Mtume (s.a.w.). Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 Hijria, alipoandika Tabaqat aliweka sehemu nzima ya wanawake kwa majina na baba zao. Na bibi zetu visiwani walikuwa "binti fulani" mpaka kaburini. Sisi wa leo ndio tunaobandika jina la mume kwenye kadi na kwenye simu, tukidhani ndiyo ustaarabu!

Tumchukue bibi wa kawaida wa shamba, Unguja au Pemba, aliyezaliwa miaka ya 1930. Skuli ya serikali ya wasichana ilikuwa imefunguliwa mwaka 1927, lakini wengi wa shamba hawakuiona. Walisoma chuoni, wakahitimu msahafu. Basi watu husema hakuwa na kazi, alikaa nyumbani tu. Hilo hatulikubali. Kofia ya mkono yenye viua inatoboka tundu moja baada ya jingine, na kila tundu linazungushiwa uzi. Kofia moja huchukua wiki nyingi. Mikono iliyoshona zile kofia za Idi ilikuwa ya wanawake, usiku, kwa kibatari. Wakasuka ukili, wakachambua karafuu. Kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989 pwani ya mashariki, waliokuwa wameshakuwa bibi nao waliingia majini. Mahitaji ya skuli ya mama zetu yalitoka wapi?

Sasa tuje kwenye maziwa. Zamani jirani akiugua au akifa kwenye uzazi, mtoto alipewa mwenye maziwa, na hakuna aliyeandika. Surat an-Nisaa aya ya 23 imeharamisha ndugu wa kunyonya. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea kwetu, ni manyonyo matano kamili ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kijana aliyenyonyeshwa na bibi yako mzaa mama, hata kama ni mtoto wa jirani, ni mjomba wako. Hamuwezi kuoana. Wanaojua habari hizo ni bibi hao hao tusiowauliza, na kuzijua baada ya ndoa ni msiba. Ulizeni kabla ya posa kujibiwa.

Tena kuna mikarafuu. Mume akifa na ana watoto, mke ana thumuni yake, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Bibi wengi walirithi miti na minazi yao. Kizazi kimoja kikipita, pote panaitwa "shamba la babu", na watoto wa binti wanaonekana wageni wanaodai. Nani atawatetea kama jina la bibi halimo popote?

Kuandika si kufichua. Ikiwa bibi aliachwa akaolewa tena, ni lazima wajukuu wajue ndugu zao wa upande wa pili, lakini habari hiyo inakaa kwenye daftari la nyumbani, si kwenye kundi la WhatsApp. Akisema hapa nyamaza, tunyamaze.

Tunashauri bi harusi aende kwa bibi siku za mwanzo, kabla hajaanza kutiwa ndani na kusingwa. Miaka msimuulize kwa tarakimu, muulize kama ilikuwa kabla ya Mapinduzi au baada, enzi ya Sayyid Khalifa au wakati wa foleni. Muulize mahari yake ilikuwa kiasi gani na nani aliishika mkononi. Muulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na kila mtoto aliyempa ziwa. Kalamu iwe tayari, maana hilo la mwisho huwa analisema haraka haraka.