Minara Nayo Ilale



Umeme ukatikapo usiku, simameni hapa Kiriri mtazame chini. Mji ni giza mpaka ziwani, lakini simu bado zaita. Mnara hukaa macho kwa betri au jenereta, nayo jenereta hunywa mafuta, yale yale yaliyotuadimikia sana Burundi miaka hii ya karibuni.

Wengine husema dawa ni kuziondoa bongo za minara na kuzikusanya katika nyumba moja ya mitambo, ile iitwayo wingu. Saa nane za usiku, simu zikiwa chache, mtambo mmoja utahudumia minara mingi na mingine izimwe. Fikira njema. Lakini mnara usio na ubongo hupeleka mawimbi mabichi: redio ya 4G yenye antena mbili, iwapayo watu biti milioni 150 kwa sekunde, yataka njia ya biti zaidi ya milioni 2,400 mpaka kwenye wingu. Tulichookoa katika mafuta tutakilipa katika nyuzi!

Mimi naona kazi igawanywe. Hesabu zinazopunguza mzigo zibaki mnarani, nyingine ziende. Tena redio ndiyo ilayo umeme mwingi kupita ubongo. Basi usiku zizimwe njia za ziada, ibaki ile ya sauti, hata picha zikikawia. Mwenye mgonjwa kule Buyenzi hataki sinema saa nane; ataka dereva aitike.