"Umeridhika?" Si Swali

Hojaji zinazogawiwa vyuoni mwishoni mwa mwaka hazikosi swali hili: je, mwanachuo ameridhika kwa kiasi gani na maisha ya chuoni? Naye mwanachuo hutia alama penye neno "nimeridhika", huirudisha karatasi, kisha huenda zake kupanga foleni ya maji. Maoni yangu ni kwamba swali hilo halifai. Tena mwalimu mtarajiwa ndiye angepaswa kuutambua ubovu wake kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ni pacha wa lile analoonywa asiliulize darasani: "Mmeelewa?" Watoto 45 huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!", na mwalimu hubaki hajajua lolote.

Hebu tutazame Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20; mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwanachuo wa miaka ile alipewa chumba, akala bwaloni, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na serikali. Ikiwa kuridhika ni kitanda na sahani tu, basi nani angeridhika kumshinda yeye? Hata hivyo, Oktoba 1966 wanachuo waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Machi 1978 waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia wakarudishwa makwao. Mimi nawalaumu wale wa 1966 na kuwasifu wale wa 1978, lakini hilo si shauri la leo. Neno langu ni kwamba hakuna hojaji ya malazi na chakula ambayo ingeufichua moto uliokuwa ukiwaka mle mabwenini.

Siku hizi mambo yamegeuka. Wanachuo ni wengi mno, gharama huchangiwa, na tangu 2005 wengi husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya 20 ya kulaza watu 3,840, na bado wako wanaopanga vyumba Sinza na Changanyikeni. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo ambao wanachuo wenyewe wameuita kubebana: aliyepata kitanda humkaribisha mwenzake aliyekikosa, wakalala wawili pa mmoja, uongozi usijue au ujifanye haujui. Sasa waulize wawili hao kama wameridhika. Mwenye kitanda atasema ndiyo, kwa kuwa akilalamika atakaguliwa. Aliyebebwa naye atasema ndiyo, kwa kuwa anajilinganisha na yule anayelipa pango la mji. Majibu hayo yatajumlishwa, na ripoti itasomwa kwa furaha. Kumbe hakuna hata mmoja aliyelala vizuri.

Basi tuulize nini? Tuulize matendo. Jana usiku ulisomea wapi, hadi saa ngapi? Juzi ulikula mara ngapi? Ukiugua usiku wa manane, utamwamsha nani? Ni lini mara ya mwisho ulimwambia mkufunzi kwamba hukuelewa, naye akafanya nini? Mwanachuo hana haja ya kupima moyo wake ili ajibu maswali haya. Anahitaji kukumbuka tu. Jina lisiandikwe, wala karatasi zisikusanywe na yule mwenye funguo za bweni.

Wapo wakufunzi watakaosema kwamba maswali ya namna hiyo huchokoza manung'uniko yaliyolala. Siafikiani nao. Nung'uniko lililolala halijafa, na Mlimani ya 1978 ni ushahidi wa kutosha.

Jambo moja zaidi, nalo laweza kuanzwa na kamati yoyote ya wanachuo wa ualimu bila kungoja kibali cha Wizara: karatasi zigawiwe wiki ya sita ya muhula, na majibu yasomwe mbele ya wanachuo wiki ya nane. Hojaji ya mwisho wa mwaka huwafaa watakaokuja, lakini aliyeijaza huwa ameshafunga sanduku lake.