Wanaoanza Kusoma Sheria Watusomee na Sisi



Sisi makarani wa mine tunaona karatasi nyingi zikipita mikononi mwetu, na karibu zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Juzi mfanyakazi mmoja, baba wa watoto sita, alituletea karatasi aliyoitia dole gumba mwezi uliotangulia. Aliambiwa kwamba ni ya kupokea avansi ya mshahara. Tulipoisoma tukaona imeandikwa kwamba anaacha kazi kwa mapenzi yake mwenyewe, tena hadai kitu. Mine yake hatuitaji hapa. Waliofanya hivyo wanajijua.

Tukamwita kijana wa jirani aliyekuwa likizoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria. Alisimama akatutolea kwa kichwa, bila kukosea, kifungu cha 8 cha amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, amri ya zamani za Leopold ambayo mpaka leo inatutawala. Yule baba akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Mwanangu, maana yake nini?» Kijana akanyamaza. Somo alilijua. Maneno ya kumwambia mzee ndiyo aliyokosa.

Tuliketi naye hata usiku. Tukaona kwamba sharti la kwanza la mapatano ni kukubali, na kifungu kinachofuata chasema kwamba kukubali kwa kukosea, kwa kutishwa au kwa kudanganywa si kukubali. Neno hilo lilipotoka kwa Kiswahili, yule baba aliruka: «Basi mimi sikukubali!» Hakuna mwalimu aliyemfundisha kusema hivyo.

Tena kijana alitueleza kwamba majuma ya kwanza darasani waliyamaliza kwa neno moja, «droit», kwa kuwa Wafaransa hulitumia kwa amri inayowafunga watu wote na pia kwa kile mtu anachoweza kudai kuwa chake. Wanafunzi hutoka jasho kuyatenganisha mambo hayo mawili. Sisi tulicheka! Mama auzaye ndizi sokoni Butembo huyatenganisha kila siku: moja huita sheria, la pili huita haki. Hapo lugha yetu imetangulia, na mtoto wetu hakuambiwa.

Tusisahau tulikotoka. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na tribinali za Wazungu zenye vitabu, na tribinali za wenyeji, zilizopangwa kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926, chini ya macho ya administrateri. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru bila juji Mkongo hata mmoja katika zile za vitabu. Mwaka 1961 ikafunguliwa shule ya sheria na utawala pale Léopoldville, ili nafasi hizo zijazwe upesi. Marcel Lihau, aliyesomea Louvain, akawa mwaka 1968 prezida wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi, akaondolewa mwaka 1975. Leo mtoto wa Butembo hahitaji kupanda ndege: Chuo Kikuu cha Graben, alichokianzisha Askofu Emmanuel Kataliko mwaka 1989, kinafundisha sheria hapa hapa mlimani.

Mlango umefunguka, lakini lugha imebaki ile ile. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 142, yaagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kimojawapo, katika siku 60. Ni nani kati yenu amewahi kushika sheria ya mine kwa Kiswahili? Kifungu cha 18 chasema kwamba mtu akikamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoisikia, na asishikwe kupita saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Na mwezi Mei 2021, «état de siège» ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai ziliondolewa kwa majuji wa raia zikapewa askari. Mama wa Beni mwenye mtoto ndani ya buloko abishe mlango upi? Hili ni jambo la mwaka wa kwanza kabisa, kujua juji gani ana mamlaka gani.

Kwa hiyo twawaomba ninyi mnaoanza: kila kifungu mnachokariri kwa ajili ya mtihani, kisemeni nyumbani kwa Kiswahili. Mkishindwa kumweleza mama yenu, rudini kwenye kitabu, hamjakielewa. Na katika likizo njooni kambini Jumamosi baada ya kazi. Sisi tutaleta karatasi, ninyi mlete vitabu.

Tunajua wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Mengine kweli hayapo. Usiku ule tulibishana sana juu ya haki ya kushitaki inayokufa muda ukipita. Kapita mmoja mzee akataka tuseme «deni limelala», kijana akakataa, kwa kuwa lililolala huamka. Hatujakubaliana bado.

Yule baba amekwenda kwa inspekta wa kazi, maana Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yataka mapatanisho kwanza mbele yake kabla ya tribinali. Kijana alimsindikiza, akachelewa darasani siku mbili.