Sproketi ya Nyuma kwenye Baiskeli ya Breki ya Pedeli

Baiskeli iliyofungwa injini ndogo ya mipigo miwili huwa na cheni mbili: ya pedeli kulia, ya injini kushoto. Sproketi ya injini, ambayo katika seti nyingi za Kichina ina meno 44, hukaa basi kushoto mwa gurudumu la nyuma. Kama breki ni ile inayoshika mtu akikanyaga kinyumenyume, mkono wake nao uko upande huohuo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Gurudumu likishatolewa, mkono wa breki huvuliwa ili sproketi ipite. Tundu la katikati mara nyingi halitoshi kupita kwenye habu, hivyo hupanuliwa kwa tupa, au kwa mashine kwa aliye nayo. Lipanuliwe sawasawa pande zote. Sproketi iliyokaa pembeni kidogo tu hukaza cheni na kuilegeza kila gurudumu linapozunguka, na cheni ya namna hiyo haichelewi kuruka.

Kisha pete moja ya mpira huwekwa ndani ya spoku, baada ya kukatwa mahali pamoja ili izunguke habu, na nyingine huwekwa nje. Bolti 9 hupita katikati ya spoku 36, zikabana vyuma vya ndani na sproketi ya nje. Mafundi wenye haraka hukaza bolti moja hadi mwisho ndipo wafuate ya pili. Matokeo yake ni sproketi inayoyumba. Zikazwe kwa kuvukana, kidogo kidogo, huku gurudumu likizungushwa na meno yakitazamwa. Sproketi yenyewe ina bonde, na inaweza kugeuzwa ndani au nje: upande unaofaa ni ule unaonyoosha cheni na injini bila kugusa fremu.

Mpira una kasoro moja kubwa: nguvu yote ya injini hupitia kwenye spoku, na spoku zilizolegea hukatika. Kishikio cha vipande viwili kinachobana habu yenyewe ni bora zaidi, ingawa ni ghali, na kipenyo cha habu lazima kipimwe kwa kalipa kabla ya kukinunua.

Wakati wa kurudisha gurudumu, koni irekebishwe hadi lizunguke bila kukwama wala kucheza. Mkono wa breki ukigusa cheni, hukunjwa kidogo. Ufungwe kwenye fremu kwa kamba yake ya chuma bila kukosa, kwani ukiachwa huru, breki ikishika utazunguka pamoja na gurudumu. Cheni iachiwe mchezo wa sentimita 1 hivi.

Breki ya pedeli iliundwa kwa mwendo wa miguu. Kwa mwendo wa injini hupata joto, grisi ikaungua na nguvu ya kushika ikapungua, hasa kwenye mteremko mrefu. Baiskeli isiyo na breki ya mbele isifungwe injini.