Karakana ya Mfinyanzi ni Darasa

Katika maandalio ya masomo ya wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, ziara ya masomo mara nyingi huwekwa mwishoni kabisa, kana kwamba ni zawadi ya kuwapa watoto baada ya kazi kwisha. Gari hukodiwa, nyimbo huimbwa njiani, mandhari hutazamwa, na jioni watoto hurudi na madaftari matupu. Hayo ni matembezi tu. Ziara inayostahili kuitwa somo ni ile inayomfikisha mtoto nyumbani kwa msanii na ndani ya karakana yake, ili aone jinsi mahali panavyozaa kazi.

Wafaransa wanalielewa jambo hili. Mchoraji Claude Monet aliishi katika kijiji cha Giverny tangu mwaka 1883 hadi alipofariki mwaka 1926. Alichimba bwawa katika uwanja wake, akapanda mayungiyungi, kisha akayachora katika picha zipatazo 250. Nyumba hiyo na bustani yake vilifunguliwa kwa wageni mwaka 1980. Mtu aliyezijua picha zile vitabuni hufika pale akatambua kwamba bustani haikuwa pambo la nyumba, bali sehemu ya karakana.

Kwetu Tanzania, jina litajwalo upesi ni la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, na kufariki mwaka 1972. Warithi wa mtindo wake wangali wakichora huko Oysterbay. Lakini kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na aliyeko Njombe ana kilomita 60 nyingine za kuongeza. Mwalimu anayengojea nauli ya safari hiyo huenda akangoja mpaka astaafu, ilhali wasanii wapo karibu naye.

Ndani ya Mkoa wa Njombe, wilayani Ludewa, Milima ya Livingstone hushuka ghafla mpaka Ziwa Nyasa. Kando ya ziwa hilo wanaishi Wakisi, na wenzao wako Ikombe, jirani na Matema, wilayani Kyela. Wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi mashuhuri, wafinyangao kwa mikono na kuchoma vyungu vyao mahali pa wazi bila tanuri. Hebu tupatazame mahali penyewe: nyuma ni mlima mkali, mbele ni ziwa, na ardhi ya kulima ni haba. Kwa hiyo udongo ukawa shamba lao. Vyungu vilipakiwa mitumbwini, vikapelekwa sokoni, vikabadilishwa kwa nafaka. Mwalimu anayewaambia watoto watazame uzuri wa ziwa amefundisha nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni kuwauliza kwa nini watu wa hapa walifinyanga, na sisi wa nyanda za juu tukalima.

Shule isiyoweza kufika ziwani imtafute mfinyanzi, mchongaji au msusi wa matenga ya mianzi aliye umbali wa kutembea kwa miguu. Kanuni ni zilezile.

Kwanza, mwalimu aende peke yake kabla ya siku ya ziara. Aombe ruhusa, aione kazi, na wapatane malipo ya siku hiyo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Si haki shule nayo imwongezee umaskini kwa kumpotezea siku nzima bure.

Pili, siku ya ziara msanii ndiye mwalimu. Akizungumza Kibena, Kikinga au Kikisi, mtoto anayeijua lugha hiyo awafasirie wenzake. Mwalimu akae pamoja na wanafunzi, naye asikilize.

Tatu, watoto waende na maswali machache waliyoyatunga darasani. Udongo huu unatoka wapi, na unautambuaje? Ni chombo gani kilichoharibika, na kwa sababu gani? Nani alikufundisha, nawe unamfundisha nani? Swali la pili lina faida kubwa. Chungu kilichopelekwa motoni kabla hakijakauka sawasawa hupasuka, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea. Mtoto aliyekishika kigae cha chungu hicho amejifunza sayansi kwa mikono yake.

Nne, wakirudi shuleni wafinyange, waanike kivulini, wavunje, wafinyange tena, kisha waandike walichokiona.

Wako watakaosema kwamba mtihani haumwulizi mtoto habari za vyungu. Ni kweli. Lakini humwuliza kueleza sababu, kufuata hatua na kuandika kwa ufasaha, na yote hayo yamo katika kazi ya siku hiyo. Wengine watasema ndoo za plastiki na sufuria za alumini zimekwisha kuushinda ufinyanzi. Hoja hiyo ndiyo inayotuhimiza twende mapema, wangali wapo wanaoijua kazi hiyo.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule ilikuwa ikiwafundisha watoto kudhani maarifa yote ya maana hutoka katika vitabu au kwa waliosoma, na hivyo kuwadharau wazee wao. Dharau hiyo haiondoki kwa hotuba. Mjukuu wa mfinyanzi yumo darasani, naye amekwisha kujifunza kuificha kazi ya bibi yake. Siku atakapowaona wenzake wote, pamoja na mwalimu, wameketi chini mbele ya bibi huyo wakimsikiliza, atakuwa na sababu ya kuacha kuificha. Mwanachuo anayekwenda kufundisha Njombe au Makambako na aanze kwa kuuliza katika wiki ya kwanza: hapa kijijini, nani anafinyanga?