Dawa zikilala bandarini, mgonjwa hupunguziwa siku

Msafirishaji anaijua hesabu ya kontena lililokwama. Siku za bure zikiisha bandari huanza kutoza gharama za uhifadhi, mwenye meli naye hudai chake, na mwenye mzigo hupiga simu kila saa. Hasara hiyo ina ankara. Mzigo ukiwa ni dawa, kuna hasara nyingine isiyo na ankara.

Tuchukue mfano wa Mombasa mwaka 2021. Shehena ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV), msaada kutoka Marekani, ilifika Januari na kukwama bandarini kwa miezi kadhaa, hadi serikali ilipokubali kuiachia mwezi Aprili. Serikali ya Kenya ilidai kodi ambayo, kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, ilizidi dola 800,000. Marekani nayo haikutaka dawa hizo zipitie KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa, iliyokuwa imekumbwa na kashfa ya ununuzi wa vifaa vya Corona mwaka 2020. Ilitaka kazi hiyo ifanywe na kampuni ya Chemonics.

Wanaoijua forodha hawakushangaa sana. Dawa nyingi hutozwa ushuru wa asilimia 0 chini ya utaratibu wa pamoja wa Afrika Mashariki, lakini tozo ya tamko la uingizaji na ile ya reli ni mambo mengine, na msamaha wake huhitaji barua. Barua isipotoka mzigo hauondoki, uwe wa saruji au wa vidonge.

Kila upande ulikuwa na hoja. Aliyelipia ubishi huo, hata hivyo, hakuwa mezani.

Kenya ina zaidi ya watu milioni 1 wanaotumia ARV. Waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu walianza kupewa za mwezi mmoja, na wengine za wiki tu. Aprili hiyo wagonjwa waliandamana. Kwa anayekaa mbali na kituo, nauli aliyokuwa akiitoa mara moja kwa robo mwaka sasa aliitoa kila mwezi au kila wiki, na kila safari ilimla siku ya kazi.

Daktari naye hubaki kuwa mgawaji. Akipunguza siku, anajua baadhi hawatarudi. Akibadilisha mchanganyiko wa dawa, huenda mwili wa mgonjwa ukaukataa. Na anayeruka dozi huwapa virusi nafasi ya kuizoea dawa, mpaka ahamishiwe dawa nyingine za bei ya juu zaidi. Lawama zote humwangukia daktari huyo, maana mgonjwa humwona yeye. Afisa wa forodha hamwoni.

Mwaka 2025 kisa kilijirudia kwa sura nyingine. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari, kulikuwa na dawa ambazo tayari zimo bohari jijini Nairobi. Hazikukosa kibali cha bandari. Zilikosa fedha za kuzipeleka vituoni, yaani malori, mafuta na posho ya dereva. Kwa maoni yetu hilo ndilo linalosahaulika kila inapotangazwa kuwa "dawa zimewasili": dawa iliyo bohari haijamfikia mtu.

Jambo hili linatugusa zaidi ya tunavyodhani. Miongoni mwa madereva wa masafa marefu wapo wanaotumia dawa hizi, na safari ya Mombasa hadi Juba na kurudi, ukiongeza foleni za mipakani, inaweza kula wiki kadhaa. Dereva aliyepewa vidonge vya siku 14 analazimika kuchagua: aache safari, au aondoke akijua vitamwishia njiani. Mwenye lori humuuliza kuhusu tairi na stakabadhi kabla ya kuondoka. La dawa hamwulizi, na dereva, akihofia kibarua chake, halisemi.