Fizi na Baraka: Jiometri isibaki ubaoni

Kila kiwanja kinapouzwa Baraka, jiometri iko hapo, hata kama hakuna anayeitaja. Mnunuzi anazunguka na kamba, anahesabu mita 160, analipa. Lakini kiwanja cha mita 40 kwa 40 kina mzunguko wa mita 160 na eneo la mita za mraba 1,600. Kile cha mita 70 kwa 10 kina mzunguko huohuo, ila eneo lake ni mita za mraba 700 tu. Asiyejua tofauti hiyo anapoteza zaidi ya nusu ya ardhi aliyodhani amenunua. Na katika wilaya ya Fizi, ambako baadhi ya waliorudi kutoka kambi za Tanzania walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, kosa kama hilo linaweza kuzaa ugomvi wa miaka.

Somo hilo linafika kijijini kupitia mwalimu, na mwalimu anatoka chuoni. Hapo ndipo historia inapoingia.

Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 kikilelewa na chuo cha Kikatoliki cha Louvain. Elisabethville ilifuata mwaka 1956, kisha Stanleyville mwaka 1963. Mfano wa masomo ulitoka Ubelgiji, na maprofesa wengi vilevile. Miaka hiyohiyo Ulaya yenyewe ilianza kuipa kisogo jiometri ya kale. Mwaka 1959, huko Royaumont nchini Ufaransa, Jean Dieudonné alitaka Euclid aondolewe shuleni. Huko Brussels, Georges Papy akaongoza mageuzi ya hesabu za kisasa: seti na vekta mbele, rula na bikari nyuma.

Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya Kongo viliunganishwa kuwa UNAZA. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Mwaka wa masomo 2021-2022 ukaja mfumo wa LMD. Majina na miundo vimebadilika, lakini swali moja bado halijapata jibu: mwalimu wa hesabu anafundishwa jiometri ili akaifanyie nini?

Wapo watakaosema vekta ni lazima, kwani bila hizo hakuna mhandisi wala fundi wa kompyuta. Ni kweli. Ila kuanzia hapo ni kuezeka paa kabla ya kusimamisha ukuta. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupima pembe kwa mkono wake atakariri kanuni, atapita mtihani wa serikali, kisha atasahau.

Wala Kongo si mgeni katika elimu hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri Emil Torday aliwakuta watoto wa Kibushongo, huko Kasai, wakichora mchangani michoro yenye mistari mingi bila kuinua kidole wala kupita mstari mmoja mara mbili. Ni swali la aina ileile alilolishughulikia Leonhard Euler mwaka 1736, na ambalo leo lina nafasi yake vyuoni. Mwanafunzi wa ualimu anastahili kujua majina yote mawili.

Dawa haihitaji mabilioni. ISP Bukavu na vyuo vingine vinavyoandaa walimu jimboni vinaweza kumdai kila mwanafunzi wa hesabu apime kiwanja halisi kwa kamba, vigingi na futi, akigawe katika pembetatu, akokotoe eneo, aeleze kazi hiyo kwa Kiswahili mbele ya wenye kiwanja. Wanaotoka Fizi wanaweza kuifanya nyumbani, na kazi hiyo ikahesabiwa katika alama zao.

Fundi wa nyumba anayenyoosha kona kwa kamba ya mita 3, 4 na 5 tayari anatumia kanuni ya Pythagoras, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Mwenye diploma ya hesabu asiyeweza kuinyoosha kona hiyo ni hasara ya chuo, na baadaye ni hasara ya kijiji kizima.